Tumepima sikoseli kabla ya ndoa hapa Mwanza: kipimo safi, maelezo hamna, na kile kifurushi cha vinasaba achaneni nacho

Niseme mapema, hii ni maabara binafsi ipo mjini kati, jina silitaji maana nikilitaja itaonekana nina bifu nao na bifu sina, halafu haya nitakayosema mtayakuta kwenye maabara nyingi tu za aina hiyo. Nilimsindikiza mdogo wangu na mchumba wake (wifi yangu, mahari ilishapelekwa kwao Sengerema kwa hiyo wifi namwita bila wasiwasi) wakapime sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kabla ndoa haijafungwa. Kipimo chenyewe nawapa nyota tano. Mapokezi nyota mbili. Kuelezea majibu sifuri kabisa, na hapo ndo nitakaa sana. Halafu kuna kitu kingine wanauza pale, kifurushi cha kusoma vinasaba vyote, sijui lishe sijui vipaji, hicho nacho nina maneno nacho.

Tuanze na mapokezi. Ukifika unakutana na bango kubwa VIPIMO VYA VINASABA na picha ya ile ngazi iliyojisokota, sasa sie kwa ujinga wetu tukasema tumekuja kwa kipimo cha vinasaba, dada wa mapokezi akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Mtoto yuko wapi?" Benchi zima likageuka kututazama. Kumbe kwake vinasaba ni jambo moja tu, baba anataka kujua mtoto wake au kabambikiwa. Wifi alitamani ardhi ipasuke immeze. Yaani mtu anayekaa mlangoni pa huduma nyeti namna hii hajafundishwa kuuliza taratibu? Na kwa faida yenu, hilo la mtoto wa nani sio la kuingia tu maabara yoyote ukachukuliwa mate, kuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009, kazi hiyo iko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali ambaye ana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza, na maombi yanapitia kwa watu kama wakili, ustawi wa jamii, polisi au mahakama. Msije mkasema hamkuambiwa.

Baada ya hapo mambo yakawa mazuri. Kijana wa maabara ana mkono mwepesi, damu kichupa kimoja kidogo cha kifuniko cha zambarau, kachoma mara moja tu, glovu mpya tumeziona zinatolewa kwenye boksi. Bei elfu arobaini kwa kila mtu. Majibu tuliambiwa siku fulani na siku hiyo yalikuwepo, kitu ambacho kwa mji huu sio cha kudharau.

Sasa sikilizeni hapa maana ndo pesa zenu zinapopotelea. Ukienda kupima sikoseli uliza ni kipimo gani. Kuna kile cha bei chee wanaita sikilingi, kinakuambia tu kwamba himoglobini (ile protini ya damu inayobeba oksijeni) ya aina ya S, yenye kosa, ipo au haipo, hakitofautishi mbebaji, yaani aliyerithi kosa kwa mzazi mmoja tu na haumwi, na mgonjwa, na kwa watu wanaotaka kuoana hicho hakitoshi. Mnachotaka nyie ni elektroforesisi, au mashine kubwa zaidi inayofanya kazi hiyo hiyo. Elektroforesisi ni hivi, himoglobini ya damu yako inawekwa kwenye jeli halafu umeme unapitishwa, ile ya kawaida ambayo ni A inakimbia mbele, ya S inachelewa kwa sababu chaji yake imebadilika, mwisho unaona mistari. Mstari mmoja wa A basi wewe AA, miwili A na S wewe AS, wa S peke yake hapo ndo SS, sikoseli yenyewe. Na kama umeongezewa damu miezi hii mitatu ya karibuni waambie, maana wanaweza kupima damu ya aliyekuchangia wakakupa majibu yake. Sisi hatukuulizwa, nilisema mwenyewe.

Kwa kusema kweli hapo hakuna DNA iliyosomwa, ile wanayoiangalia ni protini ambayo DNA ndo imeagiza itengenezwe, lakini bango linaita vinasaba na mi sigombani na bango. Maana kosa lenyewe liko kwenye DNA kweli, kromosomu namba 11, herufi MOJA tu ya DNA imebadilika, palipotakiwa A (sio ile A ya himoglobini) pamekaa T, basi. Vernon Ingram aligundua miaka ya 1956 na 1957 kwamba protini ya mgonjwa inatofautiana na ya mzima kwa kipande kimoja tu, na kabla yake Linus Pauling mwaka 1949 alishasema huu ni ugonjwa wa molekuli. Kwa hiyo sikoseli ndo ugonjwa ulioonyesha dunia kwamba kosa dogo namna hiyo kwenye jeni linaweza kumlaza mtu kitandani, na hii kabla hata hakuna aliyewaza kusoma genomu nzima, yaani DNA yote ya mtu.

Mtu atauliza kwani lazima? Kwa watu wa kanda hii mi nasema lazima. Kuna utafiti ulichapishwa 2020, walichukua sampuli za damu kavu za watoto wachanga zaidi ya 17,000 wa mikoa yetu hii ya kaskazini magharibi, sampuli ambazo zilishakusanywa kwa ajili ya kipimo cha VVU, wakazipima sikoseli. Asilimia 20.3 ni AS. Asilimia 1.2 ni SS wenyewe. Yaani ukiwa kwenye daladala ya Igoma imejaa, geuka nyuma hesabu vichwa, kila watano mmoja anabeba na wengi hawana habari. Sababu ni hizi hizi mbu zetu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, mwaka 1954 alionyesha kwamba mwenye AS anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na alipozunguka kupima watu wa Afrika Mashariki alikuta walio kando ya ziwa na walio pwani wana S kwa wingi, kuvuka asilimia 20, wa nyanda za juu zenye baridi karibu hamna. Mababu walipona malaria, sisi tukaachiwa bili.

Na bili tumeilipa. Mama yetu mdogo alizika watoto, macho ya njano, vidole vimevimba hata kijiko hawashiki, wanalia usiku kucha, kila mtu anasema mke mwenza kawachezea, na huyo mke mwenza wa watu akahama kijiji kwa maneno. Hakuna aliyejua neno sikoseli wakati ule. Ndo maana mdogo wangu alipotangaza anaoa mi nikasema kabla ya ukumbi na kabla ya kamati, twende kwanza maabara, akanuna, tukaenda.

Haya, majibu. Bahasha imefungwa vizuri, ndani karatasi moja, jina, tarehe, muhuri, na mstari HB AS kwa mdogo wangu, HB AA kwa wifi. Basi. Nikauliza hii maana yake nini, naambiwa "mpelekeeni daktari wenu". Daktari wetu yupi? Sisi tumetoka nyumbani tumekuja kwenu! Mdogo wangu kaona S kwenye jina lake akatoka pale amelegea, ananiambia "dada, mi ninao". Wifi analia. Mama kapigiwa simu Misungwi kabla mi sijamaliza kusoma karatasi, na mama akaanza kufunga na kuomba siku hiyo hiyo. Elfu themanini tumelipa kununua msiba usiokuwepo.

Aliyetuokoa ni nesi mmoja wa kliniki ya sikoseli, hospitali tofauti kabisa, hata hatukuwa wagonjwa wake, kachukua ile bahasha akachora visanduku vinne nyuma yake na ndani ya dakika chache kila mtu akaelewa. AS sio mgonjwa. AS haigeuki kuwa SS hata ukizeeka. Ni mbebaji, anaishi maisha yake, anacheza mpira, ana kopi moja nzima na moja yenye kosa, na ile nzima inatosha. AS akioana na AA hakuna mtoto wa SS, kila mimba ni nusu kwa nusu kuwa AA au AS kama baba. Shida ni AS kwa AS, hapo kila mimba ina robo ya kuwa SS. Na nesi alisisitiza KILA MIMBA, maana kuna watu wanahesabu kwamba kwa watoto wanne mmoja ndo anaumwa, akishapatikana huyo basi waliobaki salama. Hamna kitu kama hicho, kete ya ludo haikumbuki juzi ulirusha ukapata ngapi.

Akaongeza kitu ambacho nakiandika kwa herufi kubwa kichwani mwangu: hata AS kwa AS wakioana, haijaisha. Mtoto anapimwa tone la damu kisiginoni akizaliwa, akigundulika mapema anawekwa kwenye penisilini ya kila siku mpaka miaka mitano, chanjo zake anapata, malaria anakingwa, na kuna dawa ya haidroksiyurea ambayo inapunguza yale maumivu. Bila hayo, makadirio ya Afrika ni kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa SS wanakufa kabla ya miaka mitano, na Tanzania inakadiriwa tunazaa kama watoto 11,000 wa sikoseli kila mwaka. Sasa maabara inashindwa nini kumweka nesi kama huyo kwenye kiti cha plastiki pale pembeni? Au hata kipeperushi cha Kiswahili cha ukurasa mmoja? Kipimo bila maelezo mmeuza nusu.

Twende kwenye kifurushi. Wakati tunasubiri akaja kijana wa masoko, suti imekaa, anauza kitu cha laki nane, unasuguliwa shavu kwa ndani na pamba, inatumwa nje ya nchi, unaletewa ripoti ya kurasa kibao: chakula gani kinakufaa, magonjwa gani yanakunyemelea, kipaji cha mtoto wako, asili yako. Bango lake linasema SOMA GENOMU YAKO YOTE.

Mi nikamuuliza, yote? Kusoma genomu ya binadamu kwa mara ya kwanza walianza 1990 wakatangaza wamemaliza 2003, nchi kadhaa zimeungana, dola kama bilioni 2.7, herufi kama bilioni 3, na hata hapo kulikuwa na asilimia kama 8 haisomeki mpaka 2022 ndo ikakamilika. Ni kweli bei imeporomoka, siku hizi kusoma ya mtu mmoja inaweza kuwa chini ya dola 1,000, lakini vifurushi vya aina hii kwa kawaida havisomi herufi zote, vinachungulia laki kadhaa zilizochaguliwa kati ya hizo bilioni. Akasema ataniulizia. Bado anaulizia.

Kuna jamaa ofisini kwetu alishakinunua, Msukuma wa Magu, amekulia zizini. Ripoti ikamwambia mwili wake haumudu laktosi, aepuke maziwa. Mtu ambaye anakunywa kikombe cha lita cha maziwa freshi akiwa amesimama! Nikawa natafuta tafuta nikaelewa kinachoweza kuwa kimetokea. Mwaka 2007 timu ya Sarah Tishkoff ilichapisha utafiti wa Watanzania, Wakenya na Wasudani, wakakuta wafugaji wa huku kwetu wanamudu maziwa ukubwani kwa mabadiliko ya herufi YAO wenyewe, tofauti na ile ya Wazungu, yaani Ulaya walipata njia yao na sisi tukapata ya kwetu. Sasa kama kipimo chako kinaangalia herufi ya Wazungu tu, Msukuma lazima aonekane hafai maziwa. Laki nane.

Na kipaji cha mtoto ni vichekesho zaidi. Ile wanayoita jeni ya mbio, ACTN3, ipo kwenye vifurushi vingi. Wazungu karibu mmoja kati ya watano hana ile protini yake. Sisi wabantu karibu wote tunayo. Kwa hiyo utaambiwa mwanao ana jeni ya wakimbiaji, hongera, na mtoto wa jirani naye anayo, na konda anayo, na mimi ninayo hapa nikipanda ngazi nahema.

Tatizo ni kwamba zaidi ya robo tatu ya watu walioingizwa kwenye zile tafiti kubwa za kulinganisha genomu na magonjwa walikuwa wa asili ya Ulaya, Waafrika asilimia kiduchu, wakati Afrika ndiko kwenye utofauti mkubwa zaidi wa vinasaba duniani. Ripoti ya hatari zako za kisukari iliyotengenezwa kwa data ya watu wengine mi siwezi kuilipia, labda baadaye.

Ila msinielewe vibaya mkaanza kusema genomu ni utapeli, hapana, huo ndo upuuzi mwingine ambao sitaki kuuchochea. Chukua sikoseli hiyo hiyo. Mwaka 1948 daktari wa watoto huko Brooklyn anaitwa Janet Watson aliona kwamba vichanga vya SS haviugui miezi ya mwanzo, akahisi himoglobini ya tumboni, ile ya mtoto akiwa bado hajazaliwa, ndo inawalinda. Kwa nini inazimika mtoto akikua, hakuna aliyejua kwa miaka na miaka. Genomu iliposomwa watu wakaweza kulinganisha maelfu ya watu herufi kwa herufi, na 2007 na 2008 ikajitokeza jeni inaitwa BCL11A, ndo swichi yenyewe inayozima. Akaja Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier na mkasi wao wa kukata DNA unaoitwa CRISPR, Nobeli wakapewa 2020, na mwaka 2019 mama mmoja wa Mississippi, Victoria Gray, akawa mgonjwa wa kwanza wa sikoseli Marekani kuwekewa seli zake mwenyewe zilizokatwa kwenye hiyo swichi. Himoglobini ya tumboni ikarudi. Uingereza wakaipitisha tiba hiyo Novemba 2023, Marekani Desemba. Inaitwa Casgevy. Hicho ndo kitu kimetoka kwenye utafiti wa genomu, sio ripoti ya kukuambia ule brokoli.

Bei yake Marekani dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi bilioni 5 zetu, na kabla ya kurudishiwa seli unapigwa dawa kali za kusafisha uboho, sio mchezo. Kwa hiyo kwa mtoto wa Ukerewe leo msaada ni haidroksiyurea, dawa ya zamani ambayo haikutokana na genomu kabisa lakini nayo inaamsha himoglobini ile ile. Nacheka na kusikitika kwa pamoja.

Halafu vinasaba vya watu weusi vimeshatibu dunia na hatuambiwi. Helen Hobbs na Jonathan Cohen kule Dallas, 2005 na 2006, walikuta Wamarekani weusi kama asilimia 2 wana kopi ya jeni PCSK9 iliyoharibika, na badala ya kuumwa kolestro yao iko chini na moyo wao mzima. Kufikia 2015 kukawa na dawa za sindano zinazoiga hicho hicho. Na huku nyumbani Profesa Julie Makani wa Muhimbili amefanya kazi ya sikoseli miaka mingi, 2011 Royal Society ya Uingereza ikampa tuzo. Watu wa namna hiyo ndo wanaoweza kutengeneza data ya kwetu, kisha labda mwanangu atanunua kifurushi chenye maana.

Kidogo nje ya mada ila siwezi kuiacha: 2014 walisoma genomu za samaki watano wa jamii ya sato na furu, na mmoja wao ni furu wetu wa ziwa hili, jina lake la kisayansi Pundamilia nyererei, amepewa jina la Mwalimu. Ziwa lilikauka kama miaka 15,000 iliyopita, likajaa tena, na humo furu wakatokea aina mamia, wanabaiolojia wanawatumia kuelewa viumbe wanavyogawanyika haraka. Na sangara kawala wengi. Sasa kijana wa masoko angenieleza hayo pale kwenye benchi ningemnunulia hata soda.

Ya mwisho ya kiutendaji. Wanafungua saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi mchana wameshafunga. Kipimo cha sikoseli hakitaki ufunge kula. Malipo ya simu wanapokea, bima kwa kipimo hiki walitukatalia. Pa kuegesha gari hamna, njooni na bajaji. Choo kisafi, maji yapo. Mapokezi semeni "sikoseli" kwa sauti yenu ya kawaida, hilo neno vinasaba liacheni bangoni, na siku ya majibu pitieni kliniki ya sikoseli ya hospitali yoyote kubwa KABLA ya kumpigia mama simu. Ndoa iko palepale, kamati imeshaanza kunidai mchango. Kijana wa masoko naye ananitumia meseji za ofa, juzi kashuka hadi laki sita na nusu, sijamjibu.